Hii Wiki Uko Nani?

Gloria alinipigia simu nikiwa nasahihisha mitihani nyumbani kwangu Columbus. Aliniambia kwa Kiingereza kwamba mama yake amefariki, kisha akarudia kwa Kiswahili, polepole, kana kwamba kwa Kiingereza habari ilikuwa haijatimia. Kesho yake niliendesha gari hadi Buffalo, nikaingia katika nyumba ileile ya North Buffalo, sebule ileile ya chini ambayo dari yake ilikuwa sakafu yangu kwa karibu mwaka mzima. Makochi yalikuwa yameondolewa na mikeka kutandikwa. Wanawake wa kwaya walikuwa wameegemea ukuta na makoti yao mapajani, na kutoka jikoni ilikuja harufu ya sombe, yaani kisamvu, na samaki wa kukaanga. Juu ya meza ndogo, kati ya mishumaa miwili ya betri, waliweka picha kubwa ya Mama Espérance akicheka mpaka macho yamefumba, amevaa blauzi ya kitenge yenye namba nane nyeupe kifuani. Niliitazama picha ile nikahisi uso unanichoma. Nikatafuta nafasi karibu na mlango. Kabla sijakunja miguu vizuri, mzee mmoja nisiyemfahamu akamwuliza jirani yake, "Huyu murefu ni nani?" Jirani akajibu bila kushusha sauti, "Si ni ule wa mupira. Ule Mama alikuwa anasemaka. Alipiga batu ba Florida yeye peke yake." Mzee akanitazama toka miguuni hadi kichwani, akainamisha kichwa kwa heshima. Sikuwahi kumpiga mtu yeyote wa Florida. Katika mji ule sikuwahi kucheza hata dakika moja.

Ya Louisville nitayapitia haraka. Nilikulia huko, nikaanza chuo huko, na kwa misimu miwili nilikaa benchi na helmeti mapajani nikiwatazama wengine. Nikahamia Columbus, nikasomea falsafa, na huko ndiko nilikocheza kweli. Kwa asiyeujua mpira wa Kimarekani, kwotabeki ndiye anayesimama nyuma ya majitu matano, anapokea mpira kwanza na kuamua, kabla hajaangushwa, uende kwa nani. Ana sauti yake ya kuuitisha mpira, ana mkono wake, ana namba yake. Yangu ilikuwa kumi na sita. Watu hudhani nilipenda kelele za uwanja. Nilichopenda ni kwamba kila mara naulizwa swali jipya na hakuna wa kunijibia. Ndiyo maana mwaka wa 2015 uliniumiza kwa namna ambayo hata sasa, nikiwa mwalimu wa watu wasiojua kwamba niliwahi kushika mpira, inanikera nikiikumbuka. Timu za kulipwa hazikunichagua. Ile ya Buffalo iliniita kwa majaribio, ikaniacha kiangazi kilipokwisha, kisha ikanirudisha kwenye kikosi cha mazoezi. Kikosi cha mazoezi ni watu wanaofanya kila kitu isipokuwa kucheza. Juu yetu kulikuwa na timu yenyewe, ile inayovaa jezi Jumapili, na mimi nilitaka kitu kimoja tu: mtu mmoja kule juu atoke, nipandishwe mimi, nivae kumi na sita, nirushe mpira kwa uamuzi wangu.

Kazi yangu ilikuwa hii. Kila wiki walinzi wetu walijiandaa kumkabili kwotabeki fulani wa timu pinzani, na mimi ndiye niliyekuwa yeye. Nilipewa jezi nyekundu yenye namba yake. Nilitazama video zake mpaka nikajua anavyovuta suruali kabla ya kuanza, anavyougonga mpira kwa kiganja kabla ya kuurusha, sauti yake inavyopanda mwishoni. Uwanjani, kocha wa walinzi alisimama nyuma yao na kuinua kadi kubwa yenye mistari ya kalamu nene: huyu akimbie hivi, yule vile. Mmoja alikuwa amezungushiwa duara. Yule wa duara ndiye lazima arushiwe, hata kama amebanwa, hata kama mwenzake amesimama peke yake anapunga mikono. Wiki ya kwanza nilimwuliza kocha sababu. "Amezibwa na watu wawili," nilimwambia. "Ndiyo maana nataka umrushie," akasema. "Hao wawili ndio wangu. Wanajifunza." Nikamwuliza, je, na kama Jumapili mwenyewe akirusha kwingine? Wachezaji wakaguna. "Basi nitakutafuta unifafanulie falsafa yake," akasema. Kuanzia siku hiyo jina langu likawa Profesa, na halikuwa jina la heshima. Kwa hiyo nilirusha. Nilirusha mipira niliyojua itadakwa na adui, ikadakwa, na aliyeidaka akashangiliwa na wenzake huku mimi nikirudi kusubiri kadi nyingine.

Nilipanga ghorofa ya juu katika nyumba ya orofa mbili, kama zilivyo nyingi mitaa ile, ambapo mwenye nyumba hukaa chini na mpangaji juu na wote hutumia pamoja ngazi za nyuma na mashine ya kufulia iliyopo chumba cha chini ya ardhi. Wenye nyumba walikuwa Wakongo wa Uvira: Mama Espérance, aliyehudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, mumewe Papa Jérôme, wa kiwandani Tonawanda, na binti yao Gloria, aliyekuwa sekondari. Siku ya kwanza Mama alinisikia nikiongea na mama yangu kwa simu ngazini. Aliposikia Kiswahili akafungua mlango na mwiko mkononi. "Wewe unasemaka Kiswahili cha redio," akaniambia. "Ingia, ukule." Sikupika tena mwaka ule isipokuwa mayai. Meza yao ilikuwa ya duara, imewekewa kitambaa cha plastiki chenye zabibu, na fufu, ugali wa muhogo, ilikuja kwanza, kisha sombe, kisha ndagala, dagaa za maduka ya Grant Street, ambazo Mama alizilalamikia kila wiki kuwa ni za zamani na kila wiki alizinunua. Nilimpa nguo zangu chafu kwa sababu alizichukua bila kuuliza. Baada ya sala Papa Jérôme alivuta kiti, akanikazia macho kama karani wa uhamiaji.

"Bon, Baraka. Hii wiki uko nani?"

"Wiki hii mimi ni wa Texas, Papa. Anakimbia sana, harushi vizuri."

"Na unamuigaka hata mwendo?"

"Hata mwendo."

"Wiki ilipita ulikuwa ule wa milimani. Mbele ya ule, ulikuwa muzee wa kuchechemea. Donc, basi, wewe mwenyewe utakuwa lini?"

"Muache akule," Mama akasema. "Atakuwa yeye mwenyewe kisha kula."

Gloria, bila kuinua macho kwenye simu, alisema kwa Kiingereza kwamba mimi ni kama mwigizaji, ila waigizaji huonekana. Papa Jérôme alicheka mpaka akaweka chini tonge lake. Nami nilicheka. Kisha nikapanda juu, nikalala chali kitandani nikiwasikia wakitoa vyombo, na nikajiuliza swali ambalo mwalimu wangu wa Columbus angelipenda: kama kila wiki nafanikiwa kuwa mtu mwingine kiasi kwamba walinzi wanasema "leo umekuwa yeye kabisa," ni nani hasa anayeboreka? Swali lilikuwa zuri darasani. Kitandani, na goti limefungwa barafu, lilikuwa tusi. Tulipocheza nyumbani niliruhusiwa kusimama pembeni mwa uwanja na suti ya mazoezi. Jumapili moja kamera ilinipitia. "Tulikuona!" Mama aliniambia niliporudi. "Ulikuwa unabeba maji." Nikamweleza kwamba nilishika ubao wa kuonyeshea mipango. Akanipiga bega. "Hata kama ni maji, mwanangu. Ulibeba muzuri."

Msimu ulipokaribia kwisha, kwotabeki wetu wa pili aliumia bega. Jumatatu kocha wa makwotabeki, mtu mpole aliyetafuna tumbaku akijua sote tunajua, alinisimamisha mlangoni mwa chumba cha kunyanyulia vyuma. "Fanya kazi yako vizuri wiki hii," akasema. "Tutazungumza Jumamosi." Hakuongeza neno, na mimi nikayaongeza yote mwenyewe. Jioni ile mezani niliwaambia kwamba huenda Jumapili nitacheza. Mama aliacha kula. Aliinuka, akazunguka meza, akanishika kichwa kwa mikono yenye mafuta ya ndagala, akaomba kwa sauti, kwa Kiswahili na Kibembe, mpaka chakula kikapoa. Papa Jérôme aliposema amina aliuliza, "Na hii wiki uko nani?" Nikamjibu kwamba bado nina kazi ya mazoezi: wiki hii mimi ni wa Florida.

Jumatano iliyofuata sielewi hadi leo kama nilikuwa jasiri au mjinga, na wanaosema hayo mawili hukaa mbali hawajavaa helmeti. Nilikuwa nimejishawishi kwamba kama wanataka kunipandisha, watatazama uamuzi wangu, siyo utiifu wangu. Kocha wa walinzi akainua kadi. Duara lilikuwa kwa mtu mfupi anayekatiza kati. Alikuwa amebanwa. Kushoto kabisa, mwenzake alikuwa peke yake kama mtu aliyeachwa na basi. Nikamrushia wa kushoto. Akafika mwisho wa uwanja akitembea. Kadi ikapanda tena, nami nikamtafuta tena aliye huru, nikampata. Nilifanya hivyo mazoezi yote. Wenzangu wa kikosi cha mazoezi walianza kupiga miluzi na kuimba "Pro-fe-sa," na kwa mara ya kwanza tangu Columbus mkono wangu ulikuwa mkono wangu. Kocha wa walinzi akazitupa kadi kwenye nyasi. "Unaniharibia wiki!" akapiga kelele. "Jumapili watatuchoma kisu kwa mtu yuleyule wa duara, na wewe unawafundisha vijana wangu kutazama kwingine!" Sikubadilisha nguo. Nilivaa koti juu ya jezi nyekundu ya yule wa Florida, namba nane, nikaondoka nayo nyumbani, nikaivua ngazini na kuitupa kwenye kapu la nguo chafu kama kitu kilichokufa.

Jumamosi kocha wa makwotabeki alinikalisha. Walikuwa wamemsaini mtu mwingine, mzoefu, aliyekuwa anakaa nyumbani kwake bila timu. Nikamwuliza kama ni kwa sababu ya Jumatano. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Jumatano kulikuwa na nini?" Nikamweleza. "Sijui," akasema. "Kwenye mkanda wa mazoezi yale tunawatazama walinzi. Mtu huyu tulimpigia simu Jumanne." Ningestahimili kuadhibiwa. Lakini ile siku moja niliyokuwa mimi mwenyewe haikuwa imeonwa na mtu aliyekuwa na la kuamua, na uamuzi ulishafanywa kabla. Nilirudi nyumbani nikapanda kwa ngazi za nyuma. Timu ilikuwa imesafiri kwenda Florida bila mimi. Nilizima simu, nikavuta pazia, na Jumapili sikwenda kanisani.

Mchana nilisikia magari yakiegeshwa, viatu vikikung'utwa theluji barazani, kisha sebule ya chini ikajaa. Nilidhani ni mkutano wa kwaya. Harufu ya maandazi ikapanda kupitia sakafu. Nikasikia televisheni, sauti ya mtangazaji, na ghafla vigelegele, vingi, vya wanawake wenye mapafu ya kuimba. Nikakaa kitandani. Walikuwa wanashangilia mpira? Mama Espérance hakuwahi kutazama mpira mpaka mwisho bila kusinzia.

"Njo yeye! Muangalie, namba nane!"

"Hapana," nikamsikia Papa Jérôme. "Hiyo ni timu ingine. Ya Buffalo iko na bluu. Mimi nafanyaka kazi na batu ba hapa, najua."

"Papa Gloria, rangi ni nini? Nguo yake ilikuwa kwa kapu yangu, nilifua na mikono yangu, namba ni nane."

"Lakini timu—"

"Wewe mwenyewe ulimuuliza kwa hii meza. Hii wiki uko nani? Akakujibu, niko wa Florida. Sasa iko na Florida. Juu ya nini unamuulizaka kila wiki, kama hauamini vile anakujibu?"

Wanawake wakacheka, na vigelegele vikapigwa tena kwa sababu namba nane alikuwa amerusha mpira mrefu. Nilisimama katikati ya chumba na soksi. Gloria angewaeleza, lakini Gloria alikuwa kazini dukani. Nikatumaini jamaa ataumia kidogo, atolewe, jambo liishe lenyewe. Hakuumia. Alikuwa katika siku nzuri kuliko zote za maisha yake. Nikashuka.

Aliyeniona kwanza ni mwanamke aliyebeba sinia la maandazi. Alitazama televisheni, akanitazama mimi, akaweka sinia chini. Wanawake wote walikuwa wameshona sare: blauzi za kitenge cha kijani, na kila mmoja, kifuani, namba nane iliyokatwa kwa kitambaa cheupe na kushonwa kwa mkono. Walikuwa wameomba kwa ajili yangu kanisani asubuhi ile, mbele ya kila mtu, wakiwa wamevaa namba ya mtu mwingine.

"Baraka," Mama akasema. "Uko hapa."

"Niko hapa, Mama."

Akanyoosha kidole kwenye televisheni. "Na kule ni nani?"

"Ni yeye mwenyewe."

Papa Jérôme alikuwa sahihi, na hakusema. Alichukua rimoti akazima sauti. Katika ukimya ule nilimwona namba nane akirudi nyuma, akiugonga mpira kwa kiganja kama nilivyougonga mimi wiki nzima, na nikajua, kabla hajageuka, anakorusha. Mtu mfupi alikatiza kati. Walinzi wetu walitazama kushoto, na mpira ukamfikia akiwa peke yake. Nimejitetea sana juu ya pasi ile. Walinzi ni kumi na mmoja, na kwotabeki wa kulipwa hahitaji msaada wangu. Hoja zote zina nguvu, na hakuna hata moja iliyowahi kunishawishi. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mama alishusha macho akaitazama namba kifuani mwake, akaishika pembe kama anayetaka kuing'oa, kisha akaiacha. "Bon," akasema. "Chakula kiko. Wote mukule." Tukala. Nakumbuka jinsi wanawake wale walivyonipakulia kwa zamu, bila kunitazama, mpaka sahani ikalemea.

Masika yalipofika timu iliniacha. Nilijaribu kwingine, kisha nikarudi Columbus na kuacha mpira. Asubuhi ya kuondoka, Mama alinisaidia kubeba magodoro hadi barazani. "Mimi nitasema ulicheza," akaniambia.

"Lakini sikucheza, Mama."

"Nitasema."

"Kwa nini? Wote walikuwepo."

"Benye walikuwa kwa nyumba wanajua. Lakini kanisa yote ilikuombea, Baraka. Batu walifunga. Ule wa nane alishinda. Nitawaambia nini, Mungu alisikia, lakini alisikia juu ya ule mwingine?"

Nilikasirika njiani kote. Nilikuwa mtu niliyedai ushahidi hata kwa habari za hali ya hewa, na sasa kulikuwa na uongo wenye jina langu ukianza kuishi Buffalo. Sikujua ungekua hivi. Sasa nilikuwa nimekaa karibu na mlango katika matanga yake, na msichana aliyezaliwa baada ya yote hayo aliniuliza kama ni kweli nilirusha mpira ukavuka uwanja mzima.

Desturi yao ni kwamba kila aliyetoka mbali husimama aseme alikuwa nani kwa marehemu. Zamu yangu ilipofika nilisimama mbele ya picha ile, nikasema nilichokuja nikijiapia kusema. Nilisema nilikuwa mpangaji wake wa juu. Nilisema nilikuwa wa kikosi cha mazoezi, kwamba sikucheza, kwamba namba ile kifuani mwake haikuwa yangu bali ya mtu wa Florida niliyelipwa kumwiga. Nilieleza hata kadi na duara. Niliendelea muda mrefu kuliko inavyofaa msibani. Wazee wa kwaya walitazama mikeka. Wengine walitabasamu, wakidhani huo ni unyenyekevu. Gloria alifunika uso, sikujua kama analia au anacheka.

Papa Jérôme, ambaye amepungua sana mwili, alikuwa kwenye kiti pekee kilichobaki. Alisubiri nimalize.

"Ule wa nane," akasema. "Ule mwenyewe. Unamujua?"

"Hapana, Papa."

"Alikuja kwa matanga?"

"Hapana."

"Donc," akasema, akanionyesha mahali pa kukaa, pale mbele, kwenye mkeka wa wanawe.